Mpasimoni kwenye ua wa nyumba: panda jike, panda mdogo, na usichume mapema

Oktoba inapoingia, ofisi yetu ya ugani hapa Kentucky hupokea simu zinazofanana. Familia imehamia nyumba mpya. Nyuma ya nyumba kuna mti mrefu wenye matunda madogo ya rangi ya chungwa, mtoto ameonja moja, na sasa analia: kinywa kimekauka, ulimi ni kama umepakwa chokaa. Mzazi anauliza kama ni sumu.

Si sumu. Hilo ni pasimoni, na alichoonja mtoto ni ukakasi, uleule wa ndizi mbichi au bibo ambalo halijaiva, ila huu ni mkali zaidi. Tunda hilohilo likiachwa mpaka lilegee na kudondoka lenyewe, linakuwa na utamu wa tende na ulaini wa embe lililoiva sana. Watu wengi wameukata mti huu kwa sababu ya kuonja siku moja tu, na siku yenyewe haikuwa ya kuonja. Nasikitika kila ninaposikia hivyo.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu miaka hii familia nyingi kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya zimenunua nyumba Louisville, Lexington, Bowling Green na miji mingine ya Marekani, na swali la kwanza wakishapata ua ni lilelile la nyumbani: nipande mti gani wa matunda? Wengi hukimbilia matofaa na mapichi. Hiyo ni miti mizuri, lakini katika hali ya hewa ya huku yenye unyevunyevu inataka kupuliziwa dawa mara nyingi kila msimu, na mwenye kazi mbili hana muda huo. Ushauri wangu ni kuanza na mti ambao ardhi hii inaujua tayari.

Mpasimoni wa asili, Diospyros virginiana kwa jina la kitaalamu, humea porini kuanzia Connecticut kushuka hadi Florida, na kuelekea magharibi hadi Kansas, Oklahoma na Texas. Jina lenyewe limetoka katika lugha ya Wapowhatan, wenyeji wa Virginia, na linahusishwa na tunda lililokaushwa, kwa sababu ndivyo walivyolihifadhi kwa ajili ya majira ya baridi. John Smith, nahodha Mwingereza aliyefika Jamestown mwaka 1607, aliandika kwamba tunda hilo likiwa bichi humpinda mtu mdomo kwa mateso, na likiiva huwa tamu kama aprikoti. Zaidi ya miaka mia nne imepita na simu za Oktoba zinasema jambo lilelile.

Msomaji wa Afrika ana undugu na mti huu. Jenasi ya Diospyros, yaani kundi la miti ndugu, ndiyo yenye miti mingi ya mbao nyeusi, ukiwemo ule wa misitu ya Kongo na Kameruni, Diospyros crassiflora. Ndugu yake mwingine, Diospyros mespiliformis, humea katika savana kuanzia Senegali hadi Afrika Mashariki na kusini, na matunda yake huliwa. Lakini tusichanganye: mpingo wa wachongaji wa Kimakonde ni Dalbergia melanoxylon, wa jamii ya kunde, na hauna uhusiano na mpasimoni. Mbao ya mpasimoni ni ngumu mno. Kabla ya chuma kuchukua nafasi yake, vichwa vya fimbo za gofu vilichongwa kwa mbao hiyo, na viwanda vya nguo viliitumia kutengeneza vile vifaa vinavyopitisha uzi huku na huku wakati wa kufuma kitambaa.

Kuutambua mti mzima ni rahisi. Gamba lake ni nene, jeusi, limepasuka vipandevipande vya mraba kama ngozi ya mamba. Majani ni ya mviringo mrefu, yanang'aa upande wa juu. Ukiwa uani hufika mita 10 hadi 18.

Jambo la jinsia

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, na aliyewahi kupanda mipapai atanielewa haraka. Mpasimoni una miti dume na miti jike. Dume hutoa maua madogo ya rangi ya maziwa, mawili au matatu kwa pamoja, halafu basi. Jike hutoa ua moja moja, kubwa kidogo, lenye vijani vinne vipana mgongoni, na ndilo linalozaa. Ukipanda mche uliotokana na mbegu, hujui umepata nini mpaka utoe maua, na hilo huweza kuchukua miaka sita au zaidi. Nimewaona watu wakimwagilia dume kwa uaminifu miaka minane.

Kwa hiyo nunua mche uliobebeshwa, yaani kijiti cha mti jike unaojulikana kilichounganishwa kwenye shina la mpasimoni mwingine. Huo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne hivi, na ukubwa na utamu wa tunda unaujua kabla hujalipa. Majina utakayoyaona kwa wauza miche ni kama Early Golden, ambalo ni la zamani na limetoka Illinois, pamoja na Prok, Yates, John Rick na Meader. Kwa ua mdogo wenye nafasi ya mti mmoja tu, mimi hupendekeza Meader, kwa sababu huweza kuzaa bila dume karibu, na matunda yake hapo hukosa mbegu.

Je, mingine inahitaji dume? Hapo kuna jambo la kibiolojia ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Mipasimoni ya porini imegawanyika makundi mawili: lenye kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 60, ambalo limeenea zaidi kusini-mashariki, na lenye kromosomu 90, la kaskazini na magharibi. Chavua ya kundi moja haitungishi vizuri kundi la pili. Miti mingi yenye majina inayouzwa ni ya kromosomu 90, na baadhi huzaa kiasi bila kuchavushwa. Ukiona jike lako linatoa maua kila mwaka na kuangusha vitunda vyote vikiwa vidogo, huenda dume la jirani ni la kundi lingine. Muulize muuzaji mti wake ni wa kundi gani. Anayezijua bidhaa zake atakujibu.

Na kama ua wako una dume tayari, usilikate. Linaweza kubaki kuwa mchavushaji, au mtaalamu akalibebesha vijiti vya jike mwezi wa Aprili au Mei, majani yanapoanza kuchomoza.

Usiuchanganye mti huu na ule wa dukani. Pasimoni kubwa zinazouzwa sokoni, Fuyu na Hachiya, ni za Asia, Diospyros kaki. Zile za Fuyu huliwa zikiwa ngumu kama tofaa. Mti wa kaki huanza kuumia baridi inapokaribia nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, ilhali wa asili uliotoka kaskazini huvumilia hadi kama nyuzi 30 chini ya sifuri. Aliyeko Iowa au Ohio asijaribu kaki nje ya nyumba.

Kupanda

Chagua mche mdogo, hata kama mkubwa unauzwa kwa bei ya kuvutia. Mpasimoni huteremsha mzizi mkuu mrefu tangu utotoni, na mzizi huo ukikatwa au ukijikunja ndani ya chungu kifupi, mti hudumaa miaka kadhaa au hufa. Mche wa kimo cha goti uliokuzwa kwenye chungu kirefu utaupita ule wa kimo cha mtu uliong'olewa shambani. Mche ukija bila udongo, utaona mizizi ni myeusi kama imeoza. Usiutupe, hiyo ndiyo rangi yake.

Kabla ya kuchimba, piga 811 siku chache mapema. Ni huduma ya bure kote Marekani, watakuja kuweka alama panapopita nyaya na mabomba ya gesi. Wageni wengi hawaijui, na bomba la gesi halina msamaha.

Mahali pawe na jua kutwa, angalau mita 6 kutoka nyumbani, na mbali na pale unapoegesha gari, kwa sababu matunda yaliyoanguka hunata, huchafua, na huleta nyigu. Udongo usikusumbue sana: mti huu humea kwenye mfinyanzi, kwenye kichanga, hata sehemu zinazotuama maji kwa muda. Panda mwishoni mwa Machi au Aprili. Shimo liwe na kina cha mizizi tu, upana mara mbili au tatu, na usiweke mbolea ndani. Tandaza vipande vya mbao au majani makavu, visiguse shina. Zungushia wavu, maana kulungu hupenda machipukizi yake. Katika viangazi viwili vya kwanza, wiki isiyo na mvua upe ndoo moja au mbili za maji.

Kisha kuwa na moyo wakati miti mingine ya mtaa inapochanua. Mpasimoni huchelewa kuamka. Mei inaweza kuingia bado uko mtupu, ukadhani umekufa. Kuchelewa huko ndiko kunakoyaokoa maua yake na baridi ya ghafla ya Aprili inayoua maua ya mapichi.

Mbolea ya nitrojeni ikizidi, mti huangusha matunda machanga. Ukiwa unakua vizuri, uache. Pogoa mwishoni mwa majira ya baridi, miaka ya mwanzo tu, upate shina moja imara. Machipukizi yatatoka kwenye mizizi kama ya mgomba. Yakate kwa mashine ya nyasi, kwani kwenye mti uliobebeshwa machipukizi hayo ni ya shina la chini, na yanaweza kuwa dume.

Wadudu ni wachache. Utaona utando wa viwavi mwishoni mwa kiangazi, na vijitawi vilivyokatwa mviringo na mbawakavu. Viokote uvichome moto au uvitupe. La kuogopa kweli ni ugonjwa wa kuvu unaonyausha mti kuanzia juu, hasa majimbo ya kusini. Majani yakinyauka ghafla katikati ya kiangazi, leta kijitawi kwenye ofisi ya ugani ya kaunti yako kabla hakijakauka.

Kula

Wenyeji watakuambia pasimoni lazima lipigwe na baridi ya barafu ndipo liwe tamu. Sivyo. Tunda linahitaji kuiva tu, na mengine huiva Septemba kabla ya barafu yoyote. Ukakasi unatokana na tanini, kemikali ya asili ya tunda, inayoshikana na protini za mate. Tunda likilegea, tanini hiyo hufungamana yenyewe kwa yenyewe, hata ulimi hauihisi tena. Rangi isikudanganye, kwani tunda huwa na rangi ya chungwa wiki kadhaa kabla halijaiva. Lililo tayari ni laini mno, ngozi imekunjamana, na kile kikonyo cha juu hutoka bila kuvutwa. Tandika shuka au wavu chini ya mti na uokote kila asubuhi, kabla wanyama wa porini wa huku, oposumu na rakuni, hawajakutangulia.

Sasa neno la afya, na naomba lisirukwe. Tanini ya pasimoni ambayo haijaiva ikikutana na asidi ya tumbo huweza kuganda na kuwa donge gumu lisilopita. Madaktari wamewahi kulazimika kuliondoa kwa upasuaji. Mtu mzima mwenye afya akila matunda machache yaliyoiva hana la kuhofia. Lakini aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, au mwenye kisukari ambaye tumbo lake huchelewa kusukuma chakula, amuulize daktari wake kwanza. Watoto wasiachwe kula mabichi chini ya mti. Mtu akiyala kwa wingi, kisha akaumwa tumbo na kutapika, aende hospitali na aseme wazi alikula nini.

Rojo lake lipitishe kwenye chungio kwa mkono. Usitumie blenda, maana itasaga mbegu na maganda na kuurudisha ukakasi. Linakaa vizuri kwenye friza mwaka mzima. Watu wa Indiana hulioka pamoja na unga, maziwa, mayai na mdalasini, na mji wa Mitchell umekuwa ukifanya tamasha la pasimoni tangu mwaka 1947. Nyumbani kwangu tunalitia kwenye unga wa maandazi pamoja na iliki, na sukari tunapunguza kwa nusu.

Mbegu zilizobaki kwenye chungio wape watoto wazipasue ubavuni kwa uangalifu. Ndani wataona umbo jeupe kama kijiko, uma au kisu, na wazee wa huku husema kijiko ni theluji nyingi, uma ni baridi nyepesi, kisu ni baridi ya kukata. Ni kichipukizi cha mti tu, hakitabiri lolote, lakini watoto hawasahau. Zile nzima zioshe, zifunge kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya mfuko, ziweke kwenye friji miezi mitatu, kisha zipande Aprili kwenye vyungu virefu. Zitaota Mei au Juni, kila moja ikiwa dume au jike bila kukuambia.