Je, wajua kwa nini vijana wanne hawatoshi kumwinua mgonjwa wa kilo 160?

Mgonjwa mwenye uzani wa kilo 160 akitakiwa kutoka kitandani, iwe ni katika wodi mjini Kisumu au chumbani kwake Kakamega, rai ya kwanza huwa ni ile ile: waitwe vijana. Wanne wanapatikana, mmoja anahesabu hadi tatu, na mgonjwa ananyanyuliwa. Hesabu yao inaonekana sawa. Kilo 160 ukizigawa kwa wanne kila mmoja anapata 40, na kijana anayepakia magunia soko la Kibuye hababaishwi na kilo 40.

Ila mwili wa mtu haugawanyiki hivyo. Kiwiliwili peke yake ni karibu nusu ya uzani wote, kwa hiyo walioshika mabega na kiuno wanabeba zaidi ya walioshika miguu. Tena hawainui kwa wakati mmoja hata wakihesabu. Anayetangulia kidogo tu hubeba na sehemu ya wenzake.

Kasoro kubwa zaidi ni ya umbali, na mizani haiwezi kuionyesha. Chukua mtungi wa maji wa lita 20, yaani kilo 20. Ukumbatie kifuani, nawe utatembea nao. Sasa unyooshe mikono na kuushika mbali nawe: maji ni yale yale, lakini mgongo unalia. Sababu ni kwamba misuli inayonyoosha mgongo imepita karibu sana na uti, kama sentimita 5 hivi kutoka pale pingili zinapopindia. Mtungi ukiwa sentimita 50 mbele ya uti, umbali wake ni mara kumi ya ule wa misuli, hivyo misuli inalazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 200 ili kuuzuia usikuangushe. Nguvu yote hiyo inakandamiza diski za kiunoni, yaani vile vipande laini vilivyo kati ya pingili. Ukiusogeza hadi sentimita 20, nguvu inashuka hadi kilo 80.

Mtazame basi muuguzi aliyesimama kando ya kitanda. Hana namna ya kumkumbatia mgonjwa. Ukingo wa kitanda uko katikati yao, na kwa sababu mgonjwa ni mpana, kitovu cha uzani wake kiko mbali zaidi. Ndiyo maana mwili mkubwa humlemea mbebaji kwa njia mbili, uzani na upana, na upana ndio unaosahauliwa. Hata ule ushauri mzuri wa kukunja magoti na kunyoosha mgongo hausaidii sana hapa, kwani ukikunja magoti yanagota kwenye kitanda.

Vipimo vinathibitisha hayo. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, iliweka kikomo cha kilo 23 kwa sanduku linalobebwa katika hali nzuri kabisa. Mwaka 2007 mtafiti wake Thomas Waters alipendekeza kikomo cha kilo 16 kwa mgonjwa, maana mgonjwa hana vishikio na huweza kushtuka ghafla. Mguu mmoja, kutoka nyonga hadi wayo, ni takriban asilimia 16 ya uzani wa mwili. Kwa mgonjwa wetu hiyo ni kama kilo 26: kuuinua mguu mmoja tu ili afungwe bendeji tayari kumevuka kikomo. (Asilimia hiyo hutofautiana, kwani wengine mafuta yao hukaa zaidi tumboni kuliko mapajani.) Na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio ulionyesha kwamba hata mgonjwa mshirikivu wa kilo 50, akihamishwa na watu wawili, bado anahatarisha migongo yao.

Kwa hiyo kazi salama huanza kwa kuacha kuinua. Mgonjwa huteleshwa juu ya shuka maalumu laini ya nailoni, au huinuliwa kwa mashine iliyoandikwa uzani inaoumudu. Kumburuta juu ya shuka ya pamba ni hatari: ngozi inang'ang'ania shuka huku mfupa ukisonga, nyama ya ndani inachanika, na kidonda cha mgandamizo kinaanzia hapo. Viti vingi vya kawaida vya magurudumu navyo vimetengenezewa watu wasiozidi kilo 136 hivi. Kiti cha plastiki cha bafuni kisitumike kabisa.

Mtaalamu wa tiba ya viungo ana tegemeo jingine ambalo wengi hawalioni, nalo ni miguu ya mgonjwa mwenyewe. Mtu aliyebeba mwili mkubwa miaka mingi mara nyingi ana misuli ya mapaja yenye nguvu kuliko ya mtu mwembamba, ingawa ni ndogo ikilinganishwa na mzigo wake. Misuli hiyo hupungua haraka akilazwa tu. Kulala chali nako hulifanya tumbo lisukume juu kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na kubana mapafu, kwa hiyo kichwa cha kitanda huinuliwa mapema.

Kusimama huanzia kwenye kimo. Kitanda hupandishwa hadi nyonga ziwe juu ya magoti, mgonjwa anasogea ukingoni, anatanua miguu ili tumbo lipate nafasi, anavuta nyayo nyuma na kuinama mbele kabla ya kusukuma. Kochi la sebuleni linalobonyea hufanya kinyume cha haya yote, na aliyetoka hospitali akitembea huweza kukwama humo siku ya kwanza. Atafutiwe kiti kigumu, kirefu, chenye mikono imara.

Akianza kuanguka, usimdake. Sogeza vitu vyenye ncha, linda kichwa chake ukiweza, umwache afike chini. Kisha muulize anaumwa wapi kabla ya mtu yeyote kumgusa. Kama hajaumia, ageuke mwenyewe kwa upande, apige magoti, ashike kiti imara na kuinuka polepole. Akishindwa, mfunike, mwekee mto, na mwite mhudumu wa afya mwenye vifaa.