Kabla ya mto, nionyeshe mnunuzi

Mradi wa umeme wa maji ukiletwa hapa Bukavu, kurasa za mwanzo huwa za mto: mteremko, maji ya masika, maji ya kiangazi. Mimi nafungua kwanza kurasa za mnunuzi, yaani shirika la kusambaza umeme litakalonunua umeme wa kituo. Ruzizi ya pili, kituo cha umeme kwenye mto Ruzizi, inazalisha tangu 1989, kwa hiyo habari ya mto tunaijua. Ruzizi ya tatu, megawati 206 za kugawana sawa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi, imekaa mezani miaka mingi, na sehemu kubwa ya ugumu wake imekuwa mikataba: mashirika matatu ya umeme yatalipa vipi, na moja likishindwa nani atabeba.

Tuchukue kituo cha kubuni cha megawati 10, cha dola milioni 30. Wenye mradi wanatoa milioni 9. Milioni 21 ni mkopo wa miaka 15, riba asilimia 8. Marejesho ni kama milioni 2.45 kwa mwaka. Mkopeshaji haridhiki fedha ikitosha tu: kwa kila dola ya marejesho anataka aone dola 1.30 baada ya gharama za uendeshaji. Gharama zikiwa 600,000, mauzo lazima yafike milioni 3.8. Kituo kikitoa wastani wa asilimia 55 ya uwezo wake, kwa mwaka ni kilowati-saa milioni 48, basi bei ni karibu senti 7.9 za dola kwa kila kilowati-saa. Hapo wenye mradi wanapata kwa mwaka asilimia 8 hivi ya fedha waliyotoa. Kwa hatari za Kivu, watakataa, na bei itapanda tena.

Fedha ya umma inasaidia hapo hasa. Mkopo huohuo kutoka benki ya maendeleo, riba asilimia 3 kwa miaka 20, unashusha marejesho hadi milioni 1.4 na bei hadi senti 5. Msamaha wa kodi, ambao wanasiasa wanaupenda, haugusi marejesho hata kidogo.

Sasa mnunuzi alipe asilimia 70 tu ya fakitire. Ukitoa gharama, inabaki kama milioni 2.05, na mkopo wa kwanza unadai 2.45. Mradi umekwama maji yakiwa tele. Chanzo kiko mjini: nyaya za wizi, transfoma zilizozidiwa, nyumba zisizo na mita zinazolipa kwa makadirio. Msambazaji anayekusanya asilimia 70 anapaswa kuuza kwa zaidi ya senti 11 ili arudishe bei ya ununuzi peke yake. Ndiyo maana mita za kulipia kabla naziweka ndani ya bajeti ya mradi, hata kama kituo kiko kilomita nyingi mbali.

Deni ni la dola, mteja analipa faranga. Mkataba useme bei inarekebishwa lini na kwa kiwango gani cha kubadilisha fedha. Makusanyo yapitie akaunti maalumu ambayo mkopeshaji anaiona, na akiba ya marejesho ya miezi sita iwepo kabla mitambo haijawashwa. Bima ya MIGA, ya Benki ya Dunia, inaweza kufunika vita au kuzuiwa kutoa fedha nje. Haigeuzi msambazaji aliyefilisika kuwa mlipaji.

Kitu kimoja majedwali ya wageni huwa hayana: plastiki. Ziwa Kivu linaisukuma hadi Ruzizi, inaziba vichujio na mitambo inasimama. Gharama ya kuisafisha iingie kwenye zile 600,000, na saa za kusimama zikatwe kwenye ile asilimia 55.