Emerson na waandishi waliomkaidi

Kila ninapoanza kufundisha insha maarufu zaidi ya Ralph Waldo Emerson, mwanainsha wa Marekani, ile ya mwaka 1841 iitwayo Self-Reliance, hukwama kwenye kichwa chake. Mwanafunzi yeyote ataniambia mara moja: "Kujitegemea." Lakini kwa sikio la Mtanzania neno hilo tayari lina wenyewe. Ni neno la Azimio la Arusha la 1967, la Elimu ya Kujitegemea, la shamba la shule na majembe asubuhi. Anayejitegemea hapo ni taifa au kijiji, na mtu yumo ndani yake pamoja na wenzake. Emerson anazungumzia jambo jingine kabisa. Anamtaka mtu mmoja, akiwa peke yake, aamini kwamba lile analoliona kuwa kweli moyoni mwake ni kweli kwa watu wote, na aliseme leo. Asipolisema, kesho atatokea mgeni alitamke vizuri, naye atalazimika kulipokea wazo lake mwenyewe, kwa aibu, kutoka kinywani mwa mwingine. Katika rasimu zangu za tafsiri nimeandika "Kuitegemea Nafsi". Bado halijatulia masikioni mwangu.

Hiyo aibu ndiyo ninayotaka kuieleza leo, kwa sababu naamini ndiyo siri ya mtu huyu kudumu katika fasihi. Waandishi wengi wakubwa huacha nyuma yao mtindo, na mtindo huigwa. Emerson aliacha dai: usiniige. Walioiga sauti yake hawasomwi tena. Waliosikia dai lake na kumkaidi ndio tunaowafundisha hadi leo.

Maisha yake nitayapitia haraka. Alizaliwa Boston mwaka 1803, mtoto wa mchungaji, naye akawa mchungaji. Mke wake wa kwanza, Ellen, alifariki kwa kifua kikuu Februari 1831 akiwa na umri wa miaka 19. Mwaka uliofuata aliacha usharika wake kwa sababu hakuweza tena kuongoza ibada ya Meza ya Bwana asiyoiamini. Akazunguka Ulaya, akarudi, akahamia Concord, mji mdogo karibu na Boston, na kuanzia hapo akawa anakula kwa mihadhara, ambayo hadi mwisho wa maisha yake ilifika kama 1,500. Kitabu chake cha kwanza, Nature, kilitoka 1836 bila jina la mwandishi. Vijana wa eneo lile walikusanyika kumzunguka, na harakati yao ikaitwa utransendentali: imani kwamba ukweli wa juu mtu huufikia kwa nuru iliyomo ndani yake, wala si kwa hisi na mapokeo peke yake. Mwaka 1838 alikwenda kuwaambia wahitimu wa shule ya theolojia ya Harvard mambo ya aina hiyo kuhusu Yesu na makanisa, na chuo hicho kikakaa karibu miaka 30 bila kumwalika tena.

Sasa tuje kwenye sentensi zake, maana kazi yangu iko hapo. Ukikaa chini kumtafsiri Emerson utagundua upesi kwamba aya zake hazishikani kama aya za watu wengine. Tangu alipokuwa mwanafunzi aliandika shajara, akaiita benki yake ya akiba, na akaitengenezea faharasa ili akitafuta neno "urafiki" au "hatima" aone kila alichowahi kuandika juu yake. Alipohitaji mhadhara alikwenda benki kutoa. Kutoka kwenye mihadhara zikazaliwa insha. Ndiyo maana kila sentensi inasimama kwa miguu yake, na nyingine zinamkabili jirani yake kana kwamba zina ugomvi. Rafiki yake mwandishi wa Uskoti, Thomas Carlyle, alimwandikia kwamba aya zake ni mfuko mzuri wa turubai uliojaa marisau. Emerson mwenyewe alikuwa amekwisha kukiri, katika barua kwa Carlyle huyohuyo, kwamba sentensi zake zinasukumana. Wapo wanaouona huo kuwa udhaifu. Mimi nauona kuwa ndio uliomwezesha kusafiri. Hoja ndefu iliyofungwa vizuri huna budi kuibeba nzima nzima. Risasi moja ya marisau unaitia mfukoni na kwenda nayo.

Tarehe 22 Oktoba 1837 kijana wa Concord, Henry David Thoreau, alifungua daftari na kuandika kwamba mtu fulani amemuuliza unafanya nini siku hizi, je, unaandika shajara? Hakumtaja mwulizaji, ila karibu sote tunaosoma habari hizi tunaamini alikuwa Emerson. Daftari lile liliendelea kwa zaidi ya miaka 20. Kibanda alichokijenga Thoreau mwaka 1845 kando ya bwawa la Walden kilisimama kwenye ardhi ya Emerson. Lakini kafungue vitabu vyao ulinganishe. Emerson anakuambia maumbile ni lugha ya roho. Thoreau anapima kina cha bwawa kwa kamba na jiwe, anahesabu bei ya misumari, na anakaa kutazama vita vya sisimizi.

Mshairi Walt Whitman ndiye mfano ninaoupenda kuliko wote. Katika insha yake juu ya mshairi, iliyochapishwa 1844, Emerson alisema anamtafuta bila kumpata mshairi atakayeiimba Marekani kama ilivyo, masoko yake, boti zake, siasa zake. Miaka 11 baadaye alipokea kwa posta kitabu chembamba chenye mashairi 12, bila jina la mtunzi kwenye ukurasa wa kichwa, kilichochapishwa kwa gharama ya mtunzi mwenyewe: Leaves of Grass. Tarehe 21 Julai 1855 alimwandikia Whitman barua ya kumkaribisha mwanzoni mwa safari kubwa ya kazi yake. Fikiria uzito wake: mtu mashuhuri kuliko wote katika fasihi ya nchi ile anamwandikia mtu asiyejulikana, na hasiti hata kidogo. Whitman aliipeleka gazetini bila ruhusa. Mwaka uliofuata, toleo la pili lilipotoka, maneno ya barua ile yaling'aa kwa dhahabu mgongoni mwa kitabu, na jina la Emerson chini yake. Bado hakuwa ameombwa ruhusa.

Halafu ikaja siku ya 1860. Walitembea wawili chini ya miti ya bustani kuu ya Boston, Boston Common, kwa saa mbili, Emerson akimsihi Whitman ayaondoe mashairi yanayouimba mwili na tamaa za mume na mke. Whitman alisimulia baadaye kwamba kila hoja ya Emerson ilikuwa haijibiki, hajapata kusikia hoja zilizopangwa vizuri kama zile, na palepale akahisi rohoni, bila shaka yoyote, kwamba lazima asimtii. Wakaenda kula pamoja. Mashairi yakabaki. Sijui tukio lingine katika fasihi linaloonyesha vizuri kiasi hiki mwanafunzi akimheshimu mwalimu kwa kumkatalia: alichokifanya Whitman siku ile ndicho hasa Emerson alichokuwa amekiandika mwaka 1841. Na inaniuma, nasema wazi, kwamba Emerson alipokusanya mashairi aliyoyapenda katika kitabu chake Parnassus, mwaka 1874, hakumweka Whitman hata shairi moja.

Mshairi Emily Dickinson hakumhitaji Emerson kwa karibu namna hiyo. Alizawadiwa mashairi ya Emerson akiwa msichana, na Emerson alipolala nyumba ya kaka wa Dickinson huko Amherst mwaka 1857, hatuna ushahidi kwamba Dickinson alivuka uwanja kwenda kumwona. Lakini shairi moja la Dickinson lilipochapishwa bila jina mwaka 1878, wako wasomaji waliodhani ni la Emerson. Ule ubeti mfupi unaokata ghafla wazo linapotaka kutulia una harufu ya nyumba ile, ingawa Dickinson aliupeleka kwenye giza ambako Emerson hakuwa tayari kukaa kwa muda mrefu.

Ng'ambo ya bahari mwanafalsafa Mjerumani Nietzsche alimsoma Emerson kwa Kijerumani tangu ujanani, na toleo la kwanza la kitabu chake cha 1882, Die fröhliche Wissenschaft, linafunguka kwa maneno ya Emerson. Mwaka huohuo, Emerson alipofariki, mwandishi José Martí wa Cuba alimwandikia insha ya kumlilia kwa Kihispania. Borges, mwandishi wa Argentina, alimtungia soneti.

Urithi wenye maumivu kuliko wote ni wa mwandishi wa riwaya Mmarekani, Ralph Ellison. Jina lake kamili ni Ralph Waldo Ellison. Baba yake, mtu mweusi wa Oklahoma City aliyeuza barafu na makaa, alimpa mwanawe jina la mwanainsha huyu kisha akafariki mtoto akiwa bado mdogo. Ellison ameeleza jinsi jina hilo lilivyomlemea, hata akalipunguza hadi herufi moja, W. Katika riwaya yake ya 1952, Invisible Man, tajiri mzungu, akizungumza na kijana mweusi, anamsifu Emerson na fadhila ya kuitegemea nafsi, huku macho yake hayamwoni kijana aliye mbele yake. Baadaye anatokea mfanyabiashara mwenye jina la Emerson. Wapo wanaosoma kurasa zile kama kejeli tupu. Mimi nasoma shtaka la mrithi halali. Emerson alihutubia Concord tarehe 1 Agosti 1844 dhidi ya utumwa, kwa nguvu. Lakini kitabu chake cha 1856 juu ya Waingereza kina kurasa za kuisifu mbari ya Kisaksoni ambazo sizifundishi bila kusimama na kuzikataa. Ellison aliyajua yote mawili. Alichukua lile dai la sauti ya mtu mmoja na kuuliza: je, kama jamii imeamua kutomwona mtu huyo?

Swali kama hilo linanirudisha kwenye insha nyingine, iitwayo Experience, ya 1844. Mwanawe Waldo alikuwa amefariki kwa homa Januari 1842, akiwa na miaka mitano, na hapa yule mtu wa matumaini anaandika kwamba hata huzuni haimfikii, haimgusi. Inaanza kwa swali: tunajikuta wapi? Kisha anasema tunaamka na kujikuta katikati ya ngazi; viko vidato chini yetu tunavyodhani tumevipanda, viko vingine juu yetu, vingi, vinapanda hadi machoni havionekani tena. Kiswahili kinanipa "ngazi" kwa kitu kizima na "vidato" kwa hatua moja moja, ilhali yeye ana neno moja linalobeba yote mawili. Jana usiku nilifuta "vidato" mara mbili na kuvirudisha mara mbili.