Uwatu wa kwenye kopo: homoni ipi hasa?

Anayekuja kwenye dirisha letu la dawa kuulizia vidonge vya uwatu vya "kubalansi homoni" huulizwa kwanza: homoni ipi? Wengi hucheka, ingawa hatutanii. Insulini inashughulika na sukari, homoni za tezi iliyo shingoni zinaamua mwili utumie nishati kwa kasi gani, estrojeni na projesteroni zinapanga hedhi. Haziko kwenye mizani moja hata kidonge kimoja kizisawazishe zote.

Uwatu wenyewe si mgeni. Mbegu zake chungu zimo kwenye achari na michuzi ya Pwani, na mzazi hupewa uji wake ili maziwa yashuke. Wauzaji wa makopo hutaja diosgenini, kemikali iliyomo kwenye mbegu hizo, wakisema inafanana kwa umbo na homoni za uzazi. Hapo hawadanganyi. Miaka ya 1940 mkemia Mmarekani Russell Marker alichukua diosgenini ya viazi vikuu vya mwituni huko Meksiko akaigeuza projesteroni, na kazi hiyo ikachangia kuzaliwa kwa vidonge vya majira. Lakini aliigeuza maabara, kwa hatua kadhaa za kemikali. Mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kufanya hivyo, kwa hiyo diosgenini unayomeza haiwi projesteroni tumboni. Nusu hii ya habari sijaiona kwenye lebo.

Nguvu ya uwatu inayoonekana zaidi ni kwenye sukari. Nyuzinyuzi zake, ule utelezi unaoukuta ukiloweka mbegu usiku kucha, hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Ndiyo maana mwenye kisukari aliye kwenye dawa au insulini, akiongeza uwatu kimyakimya, anaweza kushukiwa na sukari kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kizunguzungu. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, anaweza kutokwa damu kirahisi zaidi. Mwenye mzio wa karanga au dengu ajihadhari, maana uwatu ni wa ukoo huohuo. Mjamzito asitumie vidonge vya uwatu. Kiungo kidogo kwenye mchuzi ni jambo jingine.

Na ule mkojo unaonuka kama sukari iliyoungua? Ni uwatu tu. Ila aliyekula uwatu mwingi karibu na kujifungua amwambie mkunga, kwa sababu harufu hiyo kwa kichanga hufanana na ya ugonjwa mmoja adimu wa kurithi, na mtoto anaweza kuanza kupimwa bila sababu.

Hedhi ikipotea miezi mitatu, kipimo cha mimba kitangulie, hata kwa anayeapa haiwezekani. Baada ya hapo daktari atatazama tezi ya shingoni, homoni ya maziwa, sukari, au hali iitwayo PCOS, yaani mvurugiko wa homoni unaogusa ovari, ambayo ndiyo huwaotesha wengine ndevu na chunusi sugu. Kila moja ina kipimo chake na tiba yake. Kama kopo umeshalinunua, njoo nalo. Tutasoma pamoja kilichoandikwa, pamoja na dawa nyingine unazotumia.