Ile l ya "nunulia" imetoka wapi? Namna ya kukata neno kwa ushahidi

Neno walitununulia lina mofimu sita, yaani vipande vidogo kabisa vyenye maana au kazi: wa-li-tu-nunul-i-a. Kwa mfuatano huo ni watendaji, wakati uliopita, watendewa, mzizi, kauli ya kutendea (kufanya kwa ajili ya mtu) na irabu ya mwisho. Wengi huteleza kwenye l. Kuna wanaokata nunu-lia, na kuna wanaodhani ni li ya wakati imejirudia.

Usikate kwa macho. Panga jozi za maneno, ubadilishe kitu kimoja tu. Pika–pikia, kata–katia, funga–fungia: kiambishi ni i. Soma–somea, cheka–chekea: sasa ni e, kwa sababu irabu ya mzizi ni o au e, mizizi yenye a, i au u huchukua i. Kisha weka nunua–nunulia, zaa–zalia, toa–tolea, pokea–pokelea. Irabu imefuata kanuni ileile. Kilichozidi ni l.

L hiyo ni mali ya mzizi. Zamani ilikuwapo, kisha katika vitenzi vingi Kiswahili kikaidondosha mbele ya a ya mwisho (si vyote, lala bado ina l zake mbili), lakini kikaibakiza mbele ya i na e. Lugha za jamaa zinathibitisha: Waganda husema okuzaala, na kwa Kichewa kuvaa ni kuvala. Kinachopendeza zaidi ni sahau. Kitenzi hiki kimetoka Kiarabu na hakikuwahi kuwa na l, ila tunasema sahaulika na sahauliwa. Wasemaji wamekipitisha njia ya nunua.

Kanuni hizi usizihamishie lugha nyingine bila kupima. Kituruki hupanga karibu kila kitu nyuma ya mzizi: ev-ler-imiz-de, "katika nyumba zetu", ni nyumba, wingi, -etu, katika. Kiarabu hupachika irabu katikati ya konsonanti: k-t-b huzaa kitab, wingi wake kutub, na katib, mwandishi. Kwa Mwarabu, ki ya kitab si kiambishi. Kwa Mswahili imekuwa kiambishi, na ushahidi ni vitabu. Maktaba imetoka mzizi uohuo, lakini ma yake haikuchukuliwa kuwa ya wingi: tunasema maktaba hii, maktaba hizi, wala hakuna asemaye maktaba haya.