Kabla ya kugusa umri wa kustaafu, tuhesabu michango

Tangu Ufaransa ipitishe mwaka 2023 sheria ya kupandisha umri wa kustaafu kutoka miaka 62 hadi 64, watu huniuliza kama Kongo nayo ifanye hivyo. Hapana. Kule wazee wameongezeka, vijana wa kuwachangia wamepungua. Kwetu wenye miaka 65 na zaidi ni takriban 3% tu ya wananchi. Vijana tunao tele, ila fundi wa Ruashi na mama muuza unga wa soko la Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, hawachangii popote.

Naandaa faili za wastaafu hapa Lubumbashi. Sheria ya 2016 inataka miaka 60 ya umri na miezi 180 ya michango. Kwa pensheni mfanyakazi hukatwa 5%, mwajiri naye hutoa 5%. Faili nyingi hukwama kwenye hiyo miezi. Mjane mmoja wa Katuba aliniletea karatasi za mshahara za marehemu mumewe, amezifunga kwa mpira, kila moja ina makato. Kwenye rekodi za CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, miaka mizima haimo. Mwajiri alikata, hakupeleka. “Baba, sasa hiyo pesa ilikwenda wapi?” Haki ya mama huyu isitegemee uaminifu wa bosi: mfanyakazi apate ujumbe kwenye simu kila mchango wake unapoingia, ajue mapema, si akiwa kaburini.

La pili ni thamani ya pesa, na hili linaniuma zaidi. Aliyeanza kazi mwaka 1985 alichangia kwa zaire, pesa yetu ya wakati huo. Mwaka 1993 zaire milioni 3 ziligeuzwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja. Yaani zaire za zamani bilioni 300 kwa faranga moja! Pensheni isiyopandishwa kufuata bei za soko huliwa hivyo hivyo, polepole.

Wala mkupuo mmoja si dawa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondoka kazini kwa fedha za Benki ya Dunia, wakalipwa mara moja. Mzee anakula kila mwezi, kwa hiyo alipwe kila mwezi.

Kwa wasio na mwajiri, Rwanda ilianzisha EjoHeza mwaka 2018: mtu anaweka akiba kidogo kidogo kwa simu, na serikali ikawaongezea wenye kipato kidogo. Mama wa soko la Kenya tayari anapokea malipo kwa simu. Ningeanzia kwake.