Si kweli kwamba ukivuka miaka 30 huwezi kujifunza sketibodi
Kuna ujumbe kuhusu sketibodi, ule ubao wa magurudumu unaopandwa kwa kusimama, unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda rudi: "Sketibodi ni ya watoto. Ukivuka 30 mwili haushiki tena mizani, utavunjika tu."

Si kweli. Mtu mzima mwenye afya hujifunza mizani kwa mazoezi. Ila ni mrefu na mzito kuliko mtoto, kwa hiyo huanguka kwa kishindo, na mfupa wake huchelewa kuunga. Hapo ndipo watu huchanganya: kuumia kirahisi si sawa na kushindwa kujifunza.

Jipime mwenyewe. Weka ubao kwenye nyasi, mahali usipobiringika. Kanyaga juu ya boliti za mbele na za nyuma zinazoshikilia magurudumu, kunja magoti, kisha hamisha uzito polepole kutoka vidoleni hadi visiginoni. Ukituliza mwili hapo, hamia kwenye sakafu tambarare.

Wanaoanza wengi huanguka kwa kuegemea nyuma. Ubao huchomoka mbele, wao hutanguliza kiganja, na kifundo cha mkono huweza kuvunjika. Uzito uwe mguu wa mbele unaposukuma, na usipande bila helmeti na vikinga vya viganja. Umri pia husingiziwa kosa la magurudumu: madogo na magumu hukwama kwenye kokoto. Kwa lami mbaya, tafuta laini, ugumu wa 78A hadi 87A (namba ikiwa ndogo, gurudumu ni laini zaidi), kipenyo milimita 56 hadi 60.

Ukipokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mweleze aliyeutuma zoezi la nyasi.